Mtoto Anapoachishwa Mashine ya Moyo

Neno "mashine" likitajwa katika wodi ya watoto, akina mama wengi hushika kifua. Tumezoea kusikia kwamba mgonjwa fulani "yuko kwenye mashine", na baada ya siku chache tunaambiwa "mashine imezimwa". Kwa wengi wetu maneno hayo ni hatua mbili za safari moja ya kwenda makaburini. Ndiyo maana mama akiambiwa kwamba kesho mashine ya mwanawe itaondolewa, huweza kuanza kulia kabla hajaelezwa sababu.

Lakini upo wakati ambapo kuondolewa kwa mashine ni habari njema kuliko zote. Mwezi huu tumeona vema tuzungumze juu ya mtoto mchanga ambaye moyo wake ulichoka, ukasaidiwa na pampu, ukapata nguvu, na sasa pampu haihitajiki tena. Tutaanzia mbali, kwenye hospitali za Ulaya na Marekani ambako kazi hii ilizaliwa. Halafu tutarudi Dar es Salaam, na mwisho tutavuka maji hadi Miburani, kisiwani Mafia. Maana mtoto wa Miburani naye ana moyo uleule alio nao mtoto wa Berlin, na mama yake anampenda vilevile.

Moyo mdogo, kazi kubwa

Moyo wa mtoto mchanga una ukubwa kama wa ngumi yake mwenyewe. Hupiga mara 100 hadi 160 kwa dakika, usiku na mchana, hata akiwa amelala kifuani pa mama yake. Damu yote aliyo nayo ni kidogo: kwa kila kilo moja ya uzito wake ana kama mililita 80 tu. Kwa hiyo mtoto wa kilo tano ana damu isiyofika nusu lita. Hapo ndipo mama anaweza kuona kwa nini kazi ya kumtibu mtoto wa namna hii ni ya uangalifu mkubwa. Tone moja kwake ni kitu.

Moyo huo huweza kushindwa kazi kwa sababu mbalimbali. Karibu mtoto mmoja kati ya kila 100 wanaozaliwa huwa na kasoro fulani ya moyo tangu tumboni, kama tundu kati ya vyumba vya moyo au mshipa uliobana. Wengine huzaliwa wazima, kisha virusi huingia mwilini, pengine kwa mafua ya kawaida tu, vikashambulia misuli ya moyo ikavimba. Wengine tena, wachache, huzaliwa na mshipa unaolisha misuli ya moyo ukiwa umetokea mahali pasipo pake, hivyo misuli hiyo hukosa hewa safi ya oksijeni. Moyo hutanuka, hulegea, na damu haifiki inakotakiwa.

Sasa hapa pana jambo la kushika. Misuli ya moyo iliyokufa haifufuki. Lakini misuli iliyovimba, au iliyokuwa na njaa ya oksijeni, huweza kupona ikipewa muda na mapumziko. Tatizo ni kwamba moyo haujui kupumzika. Mguu uliovunjika tunaufunga banzi, tukamwambia mtoto asiukanyage. Moyo utaufungaje banzi?

Pampu iliyolala juu ya tumbo

Jibu la swali hilo lilichukua miaka mingi kupatikana. Tarehe 6 Mei 1953, katika mji wa Philadelphia huko Marekani, daktari John Gibbon alimpasua msichana wa miaka 18 aliyekuwa na tundu kwenye moyo, huku mashine ikifanya kazi ya moyo na mapafu kwa dakika 26. Msichana alipona. Akina mama watafurahi kujua kwamba katika miaka mingi ya kuijaribu mashine hiyo, mke wa daktari huyo, Mary, alifanya kazi naye bega kwa bega kwenye maabara.

Mwaka 1975, katika jimbo la California, daktari Robert Bartlett aliunganisha mashine ya aina hiyo kwa mtoto aliyezaliwa na shida kubwa ya kupumua. Wauguzi walimpa mtoto huyo jina la Esperanza, maana yake Tumaini kwa Kihispania. Baada ya siku chache mapafu yake yalipata nguvu, mashine ikaondolewa, naye akakua hadi utu uzima. Tangu hapo ilijulikana kwamba kiungo cha mtoto mchanga kinaweza kupumzishwa kwa mashine, kisha kikarudishiwa kazi yake.

Mashine ile ya California hufaa kwa siku au majuma machache. Moyo wenye ugonjwa mzito huweza kuhitaji miezi. Kwa ajili hiyo madaktari wa Berlin, Ujerumani, walitengeneza pampu ndogo za watoto, na mwaka 1990 mtoto wa kwanza aliishi kwa msaada wa pampu hiyo hadi alipopandikizwa moyo mwingine. Leo pampu hiyo inajulikana kwa jina la Berlin Heart. Iliyo ndogo kuliko zote huchukua mililita 10 tu, kama vijiko viwili vya chai, nayo inaweza kutumiwa kwa mtoto mwenye kilo kama tatu.

Pampu yenyewe haikai ndani ya mwili. Hulala juu ya tumbo la mtoto. Mirija miwili hupita kwenye ngozi chini ya mbavu: mmoja hutoa damu kwenye chumba cha moyo kilichochoka, wa pili huirudisha kwenye mshipa mkubwa. Hewa inayosukumwa na mashine iliyo kando ya kitanda huibana pampu, tap, tap, tap. Kibebeo cha pampu kinapitisha mwanga, hivyo muuguzi humulika kwa tochi mara kwa mara kuona kama kuna damu iliyoanza kuganda. Mtoto akipata nafuu huweza kupumua mwenyewe, kunyonya, kukaa na kucheka, na huku pampu ikiendelea na kazi.

Je, ni kitu kisicho na hatari? Hapana. Wakubwa wa afya wa Marekani waliikubali pampu hiyo mwaka 2011, kwa watoto wanaongoja kupandikizwa moyo. Katika uchunguzi wa watoto 48 uliochapishwa mwaka 2012, zaidi ya 40 walifikishwa salama kwenye kupandikizwa moyo au kuondolewa pampu. Lakini karibu watoto 3 katika kila 10 walipata kiharusi kwa sababu ya damu kuganda au kuvuja, na wengi walipata maambukizo. Kwa hiyo kila siku ambayo pampu inakaa ni siku ya msaada na pia ni siku ya hatari.

Wengi wa watoto hao hupandikizwa moyo mwingine. Wanaopona kwa moyo wao wenyewe ni wachache, na mara nyingi ni wale ambao ugonjwa ulikuwa wa kuvimba misuli. Hao ndio tunaowazungumzia leo.

Kuachisha kuna taratibu zake

Mama aliyewahi kumwachisha mtoto ziwa anajua kwamba kazi hiyo haifanywi kwa siku moja. Unaanza na uji kidogo mchana, unaangalia tumbo linavyopokea, unapunguza ziwa la asubuhi, halafu la mchana, na la usiku ndilo la mwisho. Madaktari nao huuachisha moyo pampu kwa utaratibu unaofanana na huo.

Kwanza huangalia dalili za nje. Mtoto ananyonya vizuri? Mkojo unatoka wa kutosha? Mikono na miguu ina joto? Kisha hupima moyo kwa mawimbi ya sauti, kipimo kinachofanana na kile anachopimwa mama mjamzito. Hapo huona chumba kilichokuwa kimetanuka kama kimerudi karibu na kipimo chake, na kama kuta za moyo zinakaza na kulegea zenyewe.

Dalili zikiwa nzuri, pampu hupunguzwa mwendo kidogo kidogo, na moyo huachiwa sehemu ya kazi yake. Kisha huja jaribio kubwa: mtoto huongezewa dawa ya kuzuia damu kuganda, na pampu husimamishwa kwa dakika chache huku madaktari wakitazama moyo kwenye kioo. Shinikizo la damu likibaki mahali pake na moyo usitanuke, ni alama njema. Moyo ukianza kuhangaika, pampu huwashwa tena mara moja, na mtoto hupewa muda zaidi. Kushindwa jaribio moja hakumaanishi kwamba mtoto hatapona. Ni kama mtoto aliyekataa uji juma hili. Juma lijalo utamjaribu tena.

Siku ya kuiondoa pampu ni siku ya upasuaji kamili. Mtoto hulazwa usingizi kwa nusu kaputi. Kifua hufunguliwa pale palipofunguliwa zamani, na kwa kuwa makovu ya ndani hushikamana na moyo, daktari huyaachanisha polepole sana asije akauchana. Mrija hutolewa kwenye chumba cha moyo, na tundu lililobaki hushonwa. Mrija wa mshipa mkubwa nao hutolewa. Wakati wote huo mashine ya moyo na mapafu huwa karibu, tayari kusaidia. Baadaye mtoto hurudi chumba cha wagonjwa mahututi akiwa na dawa za kuutia moyo nguvu, nazo pia hupunguzwa hatua kwa hatua.

Watu wa Mafia watalielewa jambo hili upesi. Huko Jibondo fundi wa jahazi hukitegemeza chombo kwa magadi kinapokuwa nchi kavu. Hakuna atakayesema magadi ni sehemu ya jahazi. Yakiondolewa mapema, chombo huanguka ubavu. Yakiachwa daima, chombo hakitaona maji. Kazi ya fundi ni kuijua siku.

Hofu ya mama ina haki yake

Tusifikiri kwamba mama anayeambiwa habari hii njema atalala usingizi usiku ule. Kwa majuma au miezi amezoea mlio wa pampu. Akiamka usiku akausikia, anajua mwanawe yu hai. Sasa anaambiwa mlio huo utanyamaza, na kwamba kifua kitafunguliwa tena. Furaha na hofu hukaa kwenye kiti kimoja.

Na uamuzi wenyewe ni mzito hata kwa madaktari. Wakiiondoa mapema, moyo huweza kuchoka tena, na kuiweka pampu mara ya pili ni kazi ngumu. Wakichelewa, damu huweza kuganda na kupanda kichwani. Hakuna siku isiyo na hatari. Ipo tu siku yenye hatari ndogo kuliko nyingine. Mzazi anaombwa atie sahihi yake mahali hapo.

Kwa hiyo tunawashauri akina mama, kwa upasuaji wowote wa mtoto, msione haya kuuliza. Uliza ni kitu gani kimeonyesha kwamba mtoto yuko tayari. Uliza watafanya nini kama moyo utashindwa. Uliza nani atakuja kukupa habari, na baada ya saa ngapi. Omba maelezo yarudiwe kwa Kiswahili chepesi, tena mbele ya mume wako ikiwezekana, ili mzigo usiwe wa mmoja. Daktari mwema hachukii maswali ya mama. Na sala ya mama haipingani na kazi ya daktari. Vyote viwili vinakwenda pamoja.

Na hapa kwetu je?

Pampu za kukaa miezi kwa watoto wachanga ni kazi ya hospitali chache za nchi tajiri. Hata hivyo msingi wa kazi hiyo, yaani kuukabidhi moyo wa mtoto kwa mashine na kisha kuurudishia kazi, unafanyika Dar es Salaam.

Zamani mtoto wa Kitanzania aliyehitaji kupasuliwa moyo ilibidi apelekwe ng'ambo, mara nyingi India. Wengine walipelekwa Israeli, katika hospitali ya Wolfson mjini Holon, kwa msaada wa shirika la Save a Child's Heart lililoanzishwa mwaka 1995. Mwanzilishi wake, daktari Ami Cohen, alifariki mwaka 2001 akipanda mlima wetu wa Kilimanjaro. Kazi yake haikufa. Watoto wengi wa Tanzania Bara na Zanzibar walitibiwa huko, na daktari wetu Godwin Godfrey alijifunza katika hospitali hiyo upasuaji wa moyo wa watoto, akarudi kuwahudumia watoto nyumbani.

Upasuaji wa kufungua moyo ulianza Muhimbili mwaka 2008, na mwaka 2015 ikaundwa Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete katika eneo hilohilo. Mtoto mwenye tundu anapofunguliwa moyo, mashine huchukua kazi ya moyo na mapafu, moyo husimamishwa, tundu huzibwa, kisha moyo huamshwa. Baada ya hapo ndipo huja zile dakika za kuachisha: mashine inapunguzwa, moyo unapokea kazi yake, mashine inaondolewa. Kinachochukua majuma kwa mtoto wa Berlin, kwa mtoto huyu hukamilika siku moja, lakini swali ni lilelile: moyo huu uko tayari?

Kutoka Miburani hadi Upanga

Hayo yote hayatamfaa mtoto ambaye hakufikishwa hospitali. Tuseme mama yupo Miburani na mwanawe wa miezi mitatu haongezeki uzito. Akinyonya kidogo anaachia, anahema, kichwa kinalowa jasho. Watu wataanza kusema. Mmoja atasema kijicho. Mwingine, tena kwa kunong'ona, atasema mtoto amebemendwa, yaani wazazi wamevunja miiko ya kulea. Neno hilo limewafungia ndani akina mama wengi. Mama huona aibu, humficha mtoto asipelekwe kliniki, na siku za kutibika zinapita.

Dada zetu, na hasa ninyi mama wakwe na mashangazi ambao neno lenu lina uzito, tunawasihi mliache neno hilo. Mtoto asiyekua si ushahidi wa dhambi ya mama yake. Huenda ana njaa, huenda ana kifua, huenda ni moyo. Anayejua ni yule aliyempima.

Hizi ndizo dalili za kumpeleka mtoto mchanga kwa mganga wa zahanati bila kungoja:

• Anachoka upesi akinyonya, au anatoka jasho jingi kichwani wakati wa kunyonya.
• Anahema haraka hata akiwa amelala: mara 60 au zaidi kwa dakika kabla ya kufikisha miezi miwili, mara 50 au zaidi kuanzia miezi miwili hadi mwaka mmoja.
• Midomo au ulimi unageuka rangi ya bluu.
• Uzito kwenye kadi ya kliniki haupandi.
• Anarudiwa na kifua au nimonia kila mara.
• Macho au miguu inavimba.

Kutoka zahanati, njia ni hospitali ya wilaya Kilindoni, na huko ndiko barua ya rufaa huandikwa. Baada ya hapo ni kuvuka bahari hadi Nyamisati na kuendelea kwa gari hadi Dar es Salaam, au ndege ndogo kwa mwenye uwezo. Kusi likivuma, safari hiyo si ya mchezo kwa mtoto anayehema. Ndiyo sababu ni afadhali kwenda mapema, mtoto akiwa bado na nguvu, kuliko kungoja hadi azidiwe. Chukua kadi ya kliniki, barua ya rufaa na nguo za joto. Endelea kumnyonyesha kidogo kidogo, mara nyingi. Na kama fedha ndiyo inayokufunga, usirudi nyumbani kimya. Hospitali za serikali zina ofisa wa ustawi wa jamii, mweleze hali yako.

Akisharudi nyumbani

Mtoto aliyepona moyo, awe alisaidiwa na pampu ya miezi au mashine ya saa chache, atarudi na kovu kifuani na chupa za dawa. Hapa ndipo wengi hukosea. Mtoto anapoanza kunenepa na kucheka, watu wa nyumbani husema amepona, dawa za nini tena? Lakini mara nyingi dawa ndizo zinazoupunguzia moyo mzigo wakati unaendelea kupona. Ziliyowekwa na daktari aziondoe daktari, naye atazipunguza kama pampu ilivyopunguzwa, hatua kwa hatua, akipima kila mara.

Usikose siku za kliniki hata mtoto akiwa mzima. Mpe chanjo zake zote kwa ushauri wa daktari, na mwambie kila mganga atakayemwona kwamba mtoto huyu aliwahi kupasuliwa moyo. Akianza kuhema, kuvimba au kukataa ziwa, rudi hospitali siku hiyohiyo. Na akianza kutambaa, mwache atambae. Mama aliyepitia mateso hayo hutaka kumbeba mtoto siku zote asije akachoka. Twaelewa. Lakini moyo uliorudishiwa kazi hupata nguvu kwa kufanya kazi, na daktari atakwambia mipaka yake.

Kisha kuna jirani. Mama aliyelala majuma Upanga ameacha watoto wengine nyumbani, shamba limeota majani, na mume amekula alichopata. Umoja wa akina mama hauhitaji mashine wala shahada ili kumsaidia. Nendeni mkamtekee maji, mkawapikie watoto, mkamchangie nauli ya kurudi kliniki. Yeye naye anahitaji kushikiliwa kwa muda, mpaka atakapoweza kusimama tena kwa nguvu zake.